Datuk Hajala

Yusnidar, ambaye sisi tunamwita Nida, alimlisha baba yake barazani, mbele za watu, kwa kuwa watu ndio waliokuwa wakisema hamlishi. Alitandika mkeka juu ya ngazi, akapanga sahani ya wali, mchuzi wa majani ya muhogo, samaki wadogo wa ziwani waliokaangwa mpaka wakakauka, na bakuli la maji ya kunawa. Vyote aliviweka upande wa barabara. Kama ingewezekana kumlishia katikati ya barabara, angemlishia hukohuko.

"Kula, Baba."

"Wewe umekula?"

"Nimekula. Kula wewe."

Mzee Jamaan akala. Hapa kijijini hakuna anayemwita Jamaan. Ni Datuk, maana ndiye aliyevishwa ukuu wa ukoo wa mama yake, na cheo hicho hakimtoki mtu hata akifika mahali pa kusahau jina la marehemu mkewe. Siku ile alikula vizuri. Alitafuna samaki na vichwa vyao, akaomba mchuzi akaongezwa, akaomba tena akaongezwa. Kila alipopita mtu, Nida alikohoa kidogo ili ageuke. Alipita mwanamke mwenye kapu la pilipili, akageuka, akaona. Alhamdulillahi, shahidi mmoja amepatikana.

Kisha akapita Baiti.

Baiti ni jirani yao. Baina ya nyumba hizo mbili kuna bwawa la samaki tu. Si mtu mbaya, sitaki kumsingizia, ila mdomo wake hauna mlango. Datuk alipomwona alijifuta mkono kwenye kikoi, akasimama kwa heshima zote.

"Mama, huko kwako kuna chakula? Mimi sijala tangu jana."

Punje za wali zilikuwa bado kwenye ndevu. Baiti aliitazama sahani, akamtazama Nida, akairudia sahani.

"Nida, baba amekula?"

"Si unaiona sahani, mama mdogo?"

"Naiona. Tupu."

Akaenda zake akitikisa kichwa. Nida alibaki na bakuli mkononi. Alitamani amkimbilie, amwambie basi rudi, nimpikie tena, ukae umhesabie matonge. Hasira zilimpanda, na kwa kuwa Baiti alikuwa ameshakwenda, zikamwangukia aliyekuwa karibu.

"Baba, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nimefanya nini?" aliuliza Datuk, na kweli hakujua.

*

Tangu hapo Nida akaacha kuosha vyombo mapema. Aliviacha vikauke na mafuta yake juu ya meza, sufuria wazi, miiba ya samaki pembeni, ili yeyote atakayeingia aone kwamba katika nyumba hii watu wanakula. Walioingia walikuwa nzi. Mumewe Masril, fundi wa pikipiki pale njia panda, alirudi adhuhuri akakuta meza imejaa.

"Hivi vyombo ni vya maonyesho?"

"Ni ushahidi, Uda." Ndivyo wake wa kwetu wanavyowaita waume zao.

"Ushahidi kwa hakimu gani?"

"Wewe huko kwenye banda lako husikii wanavyosema?"

"Nasikia."

"Unawajibu nini?"

Masril alijikuna shingo. Kwetu ukoo unakwenda kwa mama na nyumba ni ya mwanamke. Mume humo ni mgeni wa heshima. Wazee wanasema ni jivu juu ya kisiki, upepo mmoja tu hayupo. Masril ameishi akiuogopa upepo huo tangu aoe.

"Nawaambia wamuulize Nida mwenyewe," alisema.

"Ndiyo maana wanazidi!"

Wakala. Datuk alikuwa amesinzia kitini, kwani mchana ndio uliokuwa usiku wake. Usiku wenyewe aliutumia kumtafuta nyati aliyekufa kabla Nida hajazaliwa. Alifungua makomeo, akashuka ngazi, akamwita nyati kwa jina. Nida akabuni kamba, ncha moja mlangoni kwa baba, ncha ya pili kwenye kidole chake cha mguu, akawa analala kama mtu anayevua samaki. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoota ndoto. Alianza kuweka chumvi kwenye kahawa na kusahau kama amesali Adhuhuri. Aliogopa asije akawa naye anaanza.

Tena alianza kuwachunguza watu. Akina mama wakicheka kisimani, wanamcheka yeye. Wakinyamaza anapofika, walikuwa wanamsema. Na mimi sitasema kwamba alikosea kila mara.

*

Aliyemhofia kuliko wote ni Erma.

Ermawati ni mpwa wa Datuk, mtoto wa dada yake. Ndiye anayekaa kwenye nyumba kubwa ya ukoo wao ng'ambo ya msikiti, nyumba aliyozaliwa Datuk. Mwanamke nadhifu, kiongozi wa darasa la Kurani la akina mama, na harusi yoyote hapa kijijini haipikwi mpaka Erma aonje. Datuk akiponyoka kwa Nida hukimbilia huko. Anapanda ngazi anauliza, "Mama yupo?" Mama yake ana miaka mingi kaburini. Erma humkalisha, humpa wali, humsikiliza.

"Yule mwanamke ananifungia," Datuk humwambia. "Chakula anakula yeye."

"Mwanamke gani, mjomba?"

"Yule mnene."

Erma hakuwahi kumwambia mtu kwamba Nida anamnyima baba yake chakula. La hasha. Alisema tu, "Mjomba alikuja kwangu, akala sahani mbili, maskini," kisha akashusha pumzi. Pumzi ile ilizunguka kijiji kizima. Nida naye akaamini, kwa moyo wake wote, kwamba Erma humtuma mtu amwite mzee kisirisiri ili amchafulie jina.

Ikaja harusi ya jirani, na kila mwanamke lazima aende kukuna nazi. Asipokwenda, kesho kutwa akifiwa nani atakuja kumpikia? Masril alikuwa na pikipiki ya watu aliyokwisha kuifumua. Nida akasaga kidonge kimoja cha kuzuia kutapika safarini, kile kinacholaza watoto kwenye basi, akakitia kwenye kikombe cha baba yake cha kahawa, ile tunayoichemsha kwa majani ya mbuni. Akakoroga. Datuk akanywa, akashukuru, akalala kama gogo.

Huko jikoni kwa harusi Nida alikuna nazi bila kuinua macho. Kila alipojaribu kucheka na wenzake aliona kifua cha baba yake, akawaza, je, kinapanda na kushuka? Alipoaga mapema, Erma alimfuata mpaka uani, mbele ya masufuria na wanawake wote, akamtia mkononi furushi la jani la mgomba.

"Mpelekee mjomba. Nyama na wali. Na yeye leo ale."

"Kwangu amekula, Uni Erma," alijibu Nida, maana Uni kwetu ni dada mkubwa.

"Najua, mdogo wangu. Najua. Ila chukua."

Na alisema "najua" kwa namna ambayo hakuna mtu pale uani aliyeamini kwamba anajua. Mmoja alijifanya anapuliza moto. Nida alichukua furushi, akasema asante, akafika nyumbani akalitupa bwawani na jani lake. Samaki walipigania nyama ya harusi mpaka maji yakachafuka. Kisha akakimbilia ndani akaweka sikio kwenye pua ya baba yake. Alikuwa anapumua. Nida alikaa sakafuni akalia, na katikati ya kilio likamjia wazo kwamba angemkuta hapumui, leo hii angelala. Wazo hilo lilimtisha kuliko maneno ya kijiji kizima. Vidonge vilivyobaki akavitupa chooni.

*

Siku ya kupima wazee kwenye zahanati, muuguzi alimfunga Datuk ule mpira wa mkono, akamsifu kwa presha nzuri, kisha akamgeukia Nida.

"Na wewe, mama, unalala?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nauliza."

"Nalala vizuri."

"Wanaouguza watu wa namna hii huchoka sana. Mtu akichoka kupita kiasi anaweza kumfanyia mgonjwa jambo ambalo hakulitaka. Ukijiona unafika huko, njoo tuzungumze. Si aibu."

 Amejua kidonge, Nida alijiambia. Nani kamwambia? Baiti? Dirisha la jiko lilikuwa wazi siku ile. Akamshika baba yake mkono wakarudi kwa njia ya mashambani ili wasikutane na mtu, na zahanati hakukanyaga tena. Yule muuguzi, masikini, alikuwa ameuliza swali analowauliza wote.

Jioni ndugu yake Zulhendri alipiga simu ya picha kutoka Jakarta, anakouza nguo sokoni. Datuk kuiona sura ya mwanawe wa kiume akanyooka mgongo kama amevishwa kilemba.

"Hujambo, mwanangu? Biashara inakwendaje? Usiache sala."

"Sijambo, Baba! Unakula vizuri?"

"Nakula vizuri, nalala vizuri, namshukuru Mungu."

Nida alikuwa kando, mdomo wazi. Simu iliporudi mkononi mwake, Zulhendri alikuwa amekunja uso.

"Uni, dada yangu, mbona Baba mzima kabisa? Kila siku unanilalamikia."

"Kaa naye saa moja tu uone."

"Au unataka nini? Sema tu. Mimi kule kijijini nina masikio."

"Masikio yako yamesikia nini?"

"Mtandao mbaya," alisema Zulhendri, akakata.

Datuk akamgeukia Nida. "Yule kijana ni nani? Ana adabu."

*

Basi ukoo wa Datuk ukaona aibu. Mkuu wao anaombaomba wali barabarani, na sisi wengine tunawatazama. Wakakaa, wakaamua kwenda kwa Nida na tambuu.

Hapa lazima niseme jambo, maana bila kulijua utatudhani wehu. Kwetu, ukimpita mtu anakula atakuambia karibu tule, nawe utajibu nimeshiba. Ukikaribia kweli ukaketi, umemtia mwenzako mtihani. Maneno ya tambuu ni hayohayo, yamerefushwa tu. Wapwa wanapokuja kumwomba mjomba wao kutoka kwa wanawe, wanaomba mara tatu, na wanawe wanakataa mara tatu. Kisha watu wanakula vitumbua, mtu anapenyeza neno lake kwa upole kuhusu chakula cha mzee, watoto wanainamisha vichwa, kila mtu anarudi kwake na heshima yake. Hajawahi mtu kuondoka na mzee.

Walikuja baada ya Alasiri, wanaume wamevaa kofia, Erma na akina mama nyuma na kisahani cha tambuu kilichofunikwa kitambaa cha dhahabu. Baiti alikuwa ameshaleta kiti chake karibu na bwawa, anapepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Msemaji alikuwa mzee Rusli, mwenye sauti ya kutoa nyoka pangoni.

"Hatukuja kwa ubaya," alianza Rusli baada ya wote kutafuna. "Tumemkumbuka mjomba wetu. Nyumba aliyozaliwa ina giza bila yeye. Kama nanyi hamtaona vibaya, tunaomba tumrudishe kwao, tumtunze sisi, nanyi mpumzike."

Masril alikuwa amefanya mazoezi tangu asubuhi. Akakohoa.

"Maneno yenu ni mazito, wazee wetu, na tumeyapokea kwa mikono miwili. Lakini mzazi si mzigo. Sisi tukimwachia tutakuwa watoto gani? Aliye hapa yuko kwake—"

"Mchukueni," ilisema sauti kutoka nyuma ya pazia la jikoni.

 Shavu la mzee Rusli lilisimama na tambuu ndani.

"Binti yetu anatania," alisema hatimaye, akacheka peke yake.

Nida alitoka. Hakuwa amejitanda vizuri, na mikono ilikuwa na unga wa vitumbua.

"Sitanii. Mmesema nyumba ina giza. Mchukueni, nifunge nguo zake."

"Nida!" Masril alinong'ona. "Ni mara ya kwanza tu hii! Bado mbili!"

"Kwa nini tuwachoshe wazee wa watu?"

Erma alikuwa amebadilika rangi. "Mdogo wangu, si lazima iwe leo. Kitanda chake bado hakijaandaliwa."

"Alizaliwa humo bila kitanda, Uni."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya amepaliwa. Nida alikuwa ameshaingia chumbani. Wakasikia sanduku linaburutwa. Mle ndani mikono yake ilikuwa inakunja vikoi haraka kama mwizi, na moyo ulikuwa mwepesi, na wepesi ule aliuonea aibu mpaka machozi yakamtoka. Lakini hakuacha kukunja.

Alipomtoa Datuk, mzee aliiona tambuu, akawaona wanaume wenye kofia na wanawake na kitambaa cha dhahabu, uso wake ukachanua. Kwetu hivi ndivyo bwana harusi anavyofuatwa kwa mama yake.

"Mmekuja kunichukua?" alisema. "Bibi harusi ni nani?"

 Mzee Rusli alimshika mkono wakashuka naye ngazi, maana sasa hawakuwa na la kufanya. Vitumbua vilibaki kwenye sinia. Datuk aliwapungia mkono watu wote barabarani, na alipofika kona hakuangalia nyuma.

*

"Unajua wanasemaje?" Masril aliuliza kesho yake.

"Waseme."

"Wanasema kumbe ulikuwa unamtaka aondoke."

"Nilikuwa namtaka aondoke," alisema Nida. "Niache nilale."

Alilala. Alilala mchana kweupe, mlango wazi, kuku wakaingia jikoni. Lakini usingizi wenyewe ulikuwa kama wa mlinzi. Aliamka kwa kishindo akipapasa kamba kidoleni, akaikosa, akakaa anasikiliza nyumba. Ukimya ule aliutilia shaka. Zulhendri akapiga, hakuna hata salamu.

"Umemtoa Baba nyumbani kama paka?"

"Njoo umchukue wewe. Nguo zake ziko kwa Uni Erma."

Mara hiyo nayo mtandao ukawa mbaya.

Kwenda kumwona hakuthubutu. Angepita wapi? Mbele ya msikiti, watu wote wakimtazama, mtoto aliyesema ndiyo kwenye tambuu? Alipika kidogo, akaosha vyombo papo hapo. Usiku alikuwa anawaza kama Erma anajua kwamba mzee hali samaki mkubwa mpaka atolewe miiba mbele ya macho yake, la sivyo anadhani anawekewa sumu. Alijiambia hayamhusu. Aliendelea kuyawaza.

Jumatatu ya soko Baiti akavuka bwawa. Alikuwa amebeba ndizi, na uso wake ulikuwa wa sikukuu.

"Nida, mwanangu, Mungu si Athumani! Kaa chini nikupe habari."

"Baba amefanya nini?"

"Hajala! Datuk hajala! Kanisimamisha mwenyewe pale msikitini, watu wametoka kusali, kasema kwa sauti, mama, sijala tangu jana, yule mwanamke ananinyima. Kwa Erma! Erma huyohuyo wa pumzi ndefu! Watu wamebaki midomo wazi. Sasa wanasema, masikini, Nida tulimwonea. Umesikia? Wanasema tulimwonea."

Nida alisikia. Neno hilo alikuwa amelingojea kwa kiu ya mwezi wa Ramadhani. Utamu ulimpanda mpaka kooni, nisiseme uongo. Alimwona Erma na sahani tupu mkononi, amesimama uani kwake hana shahidi, akafurahi. Alifurahi sana. Kisha akaendelea kumwona, na furaha ikaanza kumchacha.

"Anakula," alisema.

"Nani?"

"Baba. Kwa Uni Erma anakula. Kila siku anakula."

"Wewe umemwona?"

"Sijamwona. Anakula, mama mdogo. Alikuwa anakula hapa, na huko anakula."

Baiti alimtazama kwa muda. Macho yalimpungua, yakawa mistari miwili.

"Erma amekupa nini?" aliuliza.

Nida alicheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Akachukua mtandio wake, akamwacha Baiti na ndizi zake ukumbini, akatoka.

*

Erma alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba kubwa, mtandio umepinduka ndani nje, macho mekundu. Yule Erma asiyetoka bila kujipaka poda. Alipomwona Nida alisimama upesi, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Umekuja kuchungulia? Njoo uchungulie. Waambie na wengine."

"Baba amekula?"

"Wallahi amekula! Asubuhi amekula mara mbili, Nida, naapa kwa Mola wangu, sufuria ile pale sijaiosha, nenda ukaone—"

"Najua," alisema Nida.

 Erma alimchunguza usoni, akitafuta lile "najua" la uani kwa harusi. Hakuliona. Akakaa tena palepale, akalia bila kujificha, makamasi na machozi pamoja.

"Jana nilimfungia mlango," alisema. "Nikakaa nje nimeziba masikio. Anagonga, anamwita marehemu mama yake, mimi nimeziba masikio. Mimi, mwalimu wa Kurani."

"Mimi nilimpa kidonge cha basi, alale."

Erma aliinua uso. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze hakuna aliyekuwa anamtega mwenzake.

"Nenda kalale," Nida alisema. "Nitakaa naye mpaka Magharibi. Kesho wewe, kesho kutwa mimi. Hatutaleta tambuu."

"Watu watasemaje?"

"Watasema tunafanya njama. Nenda kalale."

Erma alijilaza palepale ukumbini, hakufika hata kwenye mto. Datuk alikuwa ameketi dirishani, sahani ya mchana mbele yake, samaki mkubwa hajaguswa. Nida aliketi akamsogelea, akaanza kutoa miiba mmojammoja, akiuweka pembeni mzee auone. Mzee alimwangalia mikono, akala. Alikula yote. Kisha akainama karibu na sikio lake, kama mtu anayempa mwenzake siri nzito.

"Wewe ni mgeni hapa?"

"Mgeni, Baba."

"Unaonekana mtu mwema. Nisaidie. Hapa hawanipi chakula. Nipeleke kwa binti yangu, Nida. Nida ndiye ananilisha."

Nida aligeuka haraka kutafuta nani amesikia. Erma alikuwa anakoroma. Ngazi ilikuwa tupu, na barabara yote mpaka msikitini ilikuwa tupu.

"Sema tena, Baba," aliomba.

"Niseme nini?" aliuliza Datuk.